Chuo cha mji mdogo au chuo cha jijini? Anza na kozi yako

Majibu ya vyuo yakianza kutoka, hakosekani wa kunipigia simu akiwa na barua mbili mkononi: moja ya chuo kilicho kwenye mji mdogo uliozungukwa na mashamba, nyingine ya chuo kilicho katikati ya jiji. Anataka nimwambie aende wapi. Nimesoma kote kuwili, shahada ya kwanza kwenye mji mdogo na ya uzamili jijini, basi watu wanadhani jibu ninalo mfukoni. Ninalo swali tu: hicho unachokwenda kusoma, nusu yake isiyofundishwa darasani inapatikana wapi?

Karibu kila kozi ina nusu hiyo. Anayesoma udaktari anahitaji wagonjwa. Anayesoma sheria anahitaji mahakama na ofisi za mawakili. Anayesoma kilimo anahitaji ardhi, tena ya kutosha kufanyia majaribio msimu hadi msimu. Anayesoma hisabati anahitaji maktaba, ubao na watu watatu wanaopenda kubishana. Ukishajua nusu yako iko wapi, barua moja kati ya zile mbili huwa inaanza kupungua uzito yenyewe.

Vyuo vyenyewe vinalijua hili. Cornell ilianzishwa mwaka 1865 huko Ithaca, mji mdogo ndani ya jimbo la New York, na hadi leo kilimo, uhandisi na sayansi nyingi zinafundishwa huko huko. Lakini shule yake ya udaktari ilifunguliwa mwaka 1898 jijini New York, saa kadhaa kwa basi kutoka Ithaca, kwenye hospitali kubwa na wagonjwa wa kila aina. Mwaka 2017 chuo hicho hicho kikafungua kampasi ya teknolojia kwenye kisiwa cha Roosevelt, jijini New York tena, karibu na kampuni. St Andrews, chuo cha Scotland kilichopo tangu karne ya 15 kwenye mji mdogo wa pwani, kwa miaka mingi kimewasomesha wanafunzi wa udaktari miaka ya mwanzo kisha kuwapeleka kwenye miji mikubwa kama Manchester na Edinburgh kwa masomo ya wodini. Upande wa pili kuna chuo cha Wageningen, Uholanzi. Mji hauna hata stesheni ya treni. Unashukia Ede-Wageningen unamalizia na basi. Lakini kwa mtu wa mazao na chakula, sijui nani atamwambia kwamba kwenda Wageningen ni kuachwa nyuma.

Sasa tuje kwenye maisha, maana hapa ndipo vijana wengi wanapodanganywa na picha za kwenye tovuti.

Mji mdogo wa wanafunzi si mji mdogo wa kawaida. Marekani, kwa mfano, sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilizipa majimbo ardhi ya serikali wauze, fedha ziendeshe vyuo vya kilimo na ufundi, na vingi vya vyuo hivyo viko mbali na majiji makubwa. Kuna mahali mji ndio uliokifuata chuo: Penn State iko kwenye mji unaoitwa State College, na jina linajieleza. Maana yake kwako ni kwamba basi, zahanati, ukumbi wa sinema, vibarua, vyote vinafuata kalenda ya chuo. Muhula ukiwa unaendelea, mji unachangamka kupita ukubwa wake. Muhula ukiisha, umeisha.

Niliyaona hayo kwenye likizo ndefu ya kwanza. Siku ya mwisho ya mitihani kulikuwa na foleni ya masanduku ya magurudumu kuanzia mlango wa bweni hadi kituoni. Kesho yake bwalo limefungwa, maktaba inafunguliwa saa chache mchana, na kwenye nguzo ya kituo cha basi kumebandikwa ratiba mpya, karatasi moja yenye mistari minne ya safari. Taa za jengo letu ziliwaka kwenye madirisha mawili, langu na la mvulana wa ghorofa ya juu ambaye naye kwao kulikuwa mbali. Tulijuana siku hiyo, ingawa tulikuwa tumepishana kwenye ngazi muhula mzima.

Kwa hiyo kama kwenu ni mbali na nauli ya kurudi kila likizo hakuna, uliza kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi: bweni linabaki wazi likizo? Kuna malipo ya ziada? Bwalo je? Basi je? Usitosheke na jibu la «usijali, huwa tunawasaidia wanafunzi». Wakusaidie vipi, na nani hasa? Jijini swali hili halina makali sana, kwa sababu jiji halifungwi chuo kikifungwa.

Faida ya mji mdogo ambayo haionekani kwenye picha yoyote ni walimu. Mhadhiri wangu wa takwimu aliishi mitaa miwili kutoka bwenini. Siku moja tulikutana kwenye foleni ya posta akaniuliza nimefikia wapi na sampuli yangu. Nikamweleza, akakunja uso, akageuza bahasha aliyokuja kuituma na kunichorea nyuma yake jinsi ya kuligawa kundi langu upya. Watu walikuwa wanatupita kwenye foleni. Bahasha ile sikuambiwa niirudishe, alinunua nyingine.

Jijini nilifundishwa na mtu hodari kuliko huyo, nasema bila kumvunjia heshima yule wa kwanza. Lakini mchana alikuwa na kazi yake nyingine. Alikuja jioni, akafundisha begi likiwa bado begani, kisha akakimbilia treni. Kumpata nje ya kipindi ilikuwa shughuli. Ila alipotaka wanafunzi wa kwenda kwa mafunzo ya vitendo, hakuandika barua wala kusubiri tangazo. Alimpigia simu mtu anayekaa naye meza moja kazini. Wenzangu wawili walipata nafasi namna hiyo. Ndiyo biashara yenyewe: mji mdogo unakupa saa za mwalimu, jiji linakupa simu zake.

Usinielewe vibaya kwamba mji mdogo hauna akili. Mosaic, programu iliyofanya watu wa kawaida waanze kuutembelea wavuti, ilitoka mwaka 1993 kwenye Chuo Kikuu cha Illinois cha Urbana-Champaign, katikati ya nchi ya mahindi. Lakini angalia kilichofuata: Marc Andreessen, mmoja wa walioiandika, alihamia California baada ya kuhitimu, na mwaka 1994 akashiriki kuanzisha kampuni ya Netscape huko. Wazo lilizaliwa kwenye mji wa wanafunzi, ajira ikawa kwingine. Ukienda mji mdogo, ujue tangu mwaka wa kwanza kwamba likizo ndefu utasafiri kutafuta uzoefu, na nauli na chumba cha miezi hiyo viingie kwenye bajeti.

Na hoja ya vibarua, ile ya «jijini kazi ni nyingi», uichunguze. Kama unakwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, mwaka wa kwanza wa masomo kwa kawaida huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, na kazi ya ndani ya chuo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi nyingi za jijini utaziona kwa macho tu. Kila nchi ina sheria zake. Zisome kabla hujapiga hesabu ya kujilipia.

Kuhusu gharama, kodi ya chumba kwenye mji mdogo mara nyingi ni nafuu. Lakini wenye nyumba huko wanajua wateja wao ni wanafunzi na hawana pa kukimbilia. Miji mingi ya namna hii, nyumba za mwaka ujao wa masomo zinashikwa miezi mingi kabla. Anayesubiri kiangazi anabaki na mabaki. Jijini unalipa zaidi kwa chumba kidogo, ila unaweza kuhama mtaa bila kuhama chuo. Gharama ya jiji ninayoiogopa mimi ni muda. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano za wiki, ni kozi nzima inayoishia kwenye treni.

Upweke uko kote kuwili, ila hauna sura moja. Jijini unaweza kumaliza wiki bila mtu kukuita jina, na chuo chenyewe hakikushiki: NYU, chuo kikuu cha jijini New York, haina kampasi ya kuzungushiwa ukuta, majengo yake yametawanyika kuzunguka Washington Square, ambayo ni bustani ya umma. Kipindi kikiisha kila mtu anatoweka na njia yake. Kwenye mji mdogo shida ni kinyume chake. Unaonekana mno. Kama rangi yako, dini yako au lafudhi yako ni ya wachache, utakuwa «yule» wa mji mzima, na kuna siku utachoka kuwa yule. (Na mkiachana na mpenzi wako, jiandae kumkuta kila kona. Hakuna kona nyingi.)

Mimi nikilazimishwa kuchagua kwa niaba ya mtu ambaye bado hajui anataka kuwa nani, nampeleka chuo kikubwa kwenye mji mdogo. Nasisitiza kikubwa: chenye idara nyingi, ili akibadili mawazo mwaka wa pili asilazimike kubadili na chuo. Anayejua anachokitaka, na kitu chenyewe kinaishi jijini, kama habari, fedha, sanaa za maonyesho au sera, aende jijini mapema wala asiombe radhi. Ya uzamili, jijini, isipokuwa msimamizi unayemtaka yuko kwingine. Msimamizi mzuri anafuatwa popote alipo.

Kabla hujajibu, na vyuo vingi vya Marekani hutaka jibu la shahada ya kwanza ifikapo 1 Mei, tafuta wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa idara yako, wawili au watatu kila chuo. Usiwaulize kama wanapapenda. Watakwambia ndiyo, nani anataka kukiri miaka minne ya majuto? Waulize mafunzo ya vitendo walifanyia wapi na nafasi waliipataje. Halafu waulize Jumamosi iliyopita walifanya nini, kuanzia walipoamka. Waache waeleze bila kuwakatiza, wakifika saa kumi jioni utakuwa umeshajua kama Jumamosi hiyo unaiweza.