RX 580 kwenye pawasaplai ya wati 290

Ndugu wa Kondele, umeuliza kama Dell OptiPlex 9020 ya mnara uliyonunua mtumba hapa Kisumu, yenye prosesa ya Core i5-4590 na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 290, inaweza kubeba RX 580, kadi ya michoro ya kuchezea michezo. Ushauri wangu ni usijaribu. Kadi hiyo peke yake hula takriban wati 185 inapofanya kazi nzito, nayo prosesa imekadiriwa wati 84. Ukijumlisha diski, feni na ubao mama, hubakiwi na akiba yoyote, na kompyuta itajizima mchezo unapopamba moto. Isitoshe, pawasaplai hiyo haina waya wa kuilisha kadi, na vile viunganishi vya bei ya chini vinavyochota umeme kwenye waya wa diski vinaweza kupata moto hadi plastiki iyeyuke.

Tafuta kadi inayotosheka na wati 75 zinazotolewa na nafasi ya PCIe yenyewe (tundu la ubao mama kadi inapochomekwa), kama vile GTX 1050 Ti au GTX 1650. Kabla hujalipa, kagua ukingo wa juu wa kadi, kwa maana baadhi ya matoleo ya 1650 yana tundu la pini 6 la kupokea umeme wa ziada, na hayo hayakufai.

Ukishikilia RX 580, itakubidi ununue pawasaplai ya wati 500 ya kuaminika pamoja na waya wa kugeuza pini 24 kuwa 8, kwa sababu ubao mama wa 9020 hautumii soketi ya kawaida. Mimi fedha hizo ningeziongezea kwenye rami (kumbukumbu ya kompyuta).