Jibu: Kila tukifika, jua limeshazama

Habari za leo, ndugu. Umesema mara mbili mmefika kwenye kituo cha kutazama bahari giza limeshaingia, na unauliza, mkiwa safarini kwa gari, mwache kuendesha saa ngapi ili mwahi kuona jua likizama.

Kwanza angalia bahari iko upande gani. Ikiwa iko mashariki, jua litazama nyuma yenu, nchi kavu, hata mkiwahi. Pwani ya namna hiyo mimi huiwekea usiku wa mwezi mpevu, maana mwezi huo huchomoza baharini karibu na saa ya machweo.

Ikiwa iko magharibi, nyoosha mkono, laza vidole kati ya jua na upeo wa bahari, bila kulikodolea macho jua lenyewe. Kidole kimoja ni kama dakika 15. Vikibaki vinne una saa moja hivi, na hapo ndipo mimi huanza kutafuta pa kuegesha. Mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari, kwa hiyo muda huongezeka.

Kabla ya kuegesha mchangani, soma jedwali la maji kujaa na kupwa. Nisikilize hapa tafadhali: niliwahi kuacha gari kwenye mchanga mgumu kabisa, tukakaa kula, nikageuka nikaona povu limezunguka tairi la nyuma na mchanga unamong'onyoka chini yake. Tulilisukuma watu wanne.

Futeni pia kioo cha mbele. Chumvi ya bahari haionekani mchana, lakini jua la jioni likiipiga huoni kona.