Subiri kuitwa, lakini

Swali lenu la wiki, "Kanisa likipungukiwa watumishi, ujitokeze au usubiri kuitwa?", limenigusa pabaya. Jibu langu: subiri kuitwa. Nimeona waliojitokeza wenyewe wakigeuza madhabahu kuwa jukwaa lao. Hata wale saba wa Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, walichaguliwa na kusanyiko.

Ila sisi wa mitaa ya Kanisa Anglikana, yaani makanisa madogo ya vijijini, huku Chamwino, Dodoma, tunaijua hali. Kasisi mmoja ana mitaa kadhaa, na tangu Dayosisi ya Central Tanganyika ianzishwe mwaka 1927, vijijini wainjilisti ndio wamebeba kazi. Mwinjilisti akiondoka, mtaa unabaki yatima.

Kwetu aliondoka Desemba, mvua za kwanza, watu wako mbioni kupanda uwele. Jumapili iliyofuata tulikaa kwenye mabenchi mpaka bati likaanza kutuchoma. Mzee wa kanisa akauliza, "Nani atatuanzishia?" Kimya. Wanaume wakaangaliana. Akainuka bibi mmoja mjane, muuza karanga, ambaye maandishi hayaoni tena. Sala ya Asubuhi yote alikuwa nayo kichwani: maungamo, "Njoni, tumwimbie Bwana", hadi dua za mwisho. Masomo akamwita mjukuu wake wa darasa la sita ayasome. Hakuhubiri. Wakati wa mahubiri aliuliza nani mgonjwa, nani hajaonekana, akapanga nani apeleke maji na kwa punda wa nani. Sadaka ilihesabiwa na watu wawili mbele yetu sote, ikaandikwa daftarini. Ikawa hivyo kila Jumapili mpaka mavuno. Baadhi ya wazee walinung'unika, "Nani kamtuma?", na hoja yao haikuwa ya kipuuzi, maana kanisa lina utaratibu wake. Lakini mwinjilisti mpya alipoletwa, bibi alimkabidhi ufunguo na daftari siku ileile, akarudi kukaa na akina mama wenzake. Hakudai cheo.

Naona msimamo wangu unalegea hapa ninapoandika. Isaya hakusema "Mimi hapa, nitume mimi" kabla ya kuisikia sauti ikiuliza, "Nimtume nani?" Bibi naye alisikia swali, ingawa halikumtaja jina. Kwangu swali zito ni hili: anayejitokeza, yuko tayari kuachia? Kama yuko tayari, ajitokeze Jumapili hii, asingoje barua. Ila kasisi aarifiwe wiki hiyohiyo, Meza ya Bwana imngoje kasisi, na fedha zisilale kwa mtu mmoja. Mtaa nao umshike mkono, hata kwa debe la mtama. Mnada wa kijijini kwetu ni Jumapili, na miezi yote ile bibi yule hakupeleka karanga zake mnadani.