Ukibuni kalenda ya dunia yako, anza na mwenye deni

Wengi wanaotunga hadithi za dunia za kubuni huanza kalenda kwa majina: miezi kumi na mitatu, kila mmoja na jina zito la kutisha. Mimi siyagusi majina mpaka nijue ni nani atakayepata hasara akikosea tarehe. Mvuvi? Mkulima? Mtu anayedaiwa?

Tazama mwambao wetu, ambako hesabu mbili zilikwenda pamoja. Ya mwezi ni ya ibada: Ramadhani ikiisha huja Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Lakini mwaka huo una siku 354 hivi, kwa hiyo kila mwaka unatangulia misimu kwa siku kama 11. Anayengoja masika apande mpunga haumfai. Yeye alishika mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza na Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Makunduchi, Unguja, bado wanausherehekea mwezi Julai: Mwaka Kogwa.

Kwa hiyo ipe dunia yako kalenda mbili, na ziache zigongane. Katika visiwa ninavyoviandika mimi kuna miezi miwili angani. Bibi huchukua siku 35 kujaa tena, Mjukuu siku 28. Hujaa pamoja kila baada ya siku 140, na hapo maji hutoka mno hata watu wakavuka kwa miguu kutoka kisiwa hadi kisiwa. Wadai nao huvuka. Mwaka una siku 350, basi mwaka mmoja una mavuko mawili, unaofuata matatu. Mtawala anataka kodi kwa mwaka; wafanyabiashara wanalipana kwa mavuko. Ugomvi wote wa sura ya kwanza nimeupata hapo, bila vita wala joka.

Juma usilichezee ovyo. Wafaransa walijaribu mwaka 1793: siku kumi badala ya saba, mapumziko siku ya kumi. Kufikia 1806 kalenda yote ilishafutwa. Ukitaka juma refu, amua kwanza watu watapumzika lini na soko litakuwa siku gani.

Jedwali libaki kwenye daftari lako. Katika hadithi, mama aseme tu, “Nitakulipa Bibi akijaa,” na mwenye duka amuulize, “Bibi huyu au yule wa mavuko?” Msomaji ataelewa.

Halafu piga hesabu ya umri mapema, maana hapa ndipo wengi hunaswa. Mwaka wa siku 350 hauna taabu. Ukiweka wa siku 200, mzee wako wa miaka 60 ya huko, kwa hesabu yetu hajatimiza hata 33, na huo mkongojo uliompa itabidi uutafutie sababu nyingine.