Kontrola inaonyesha namba, tela halishiki breki

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Houston, Texas. Nanunua magari mnadani na kuyavuta kwa pikapu hadi bandarini, yapakiwe kwenda Dar. Tela langu nilinunua kwa mtu, lina ekseli mbili na breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Nikisukuma kile kijiti cha kontrola, kile kifaa cha kutuma umeme kwenye breki za tela kilicho chini ya dashibodi, namba zinapanda mpaka mwisho, lakini tela linanisukuma kama halina breki kabisa. Nikipita kwenye shimo, mara nyingine kontrola inatoa alama ya shoti halafu inajifuta yenyewe. Duka la vipuri wameniambia kontrola imekufa. Ninunue nyingine?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kwanza.

Namba hizo zinakuonyesha umeme ambao kontrola inajaribu kutuma. Hazikuonyeshi unaofika gurudumuni. Ni kama ndugu anayekupigia kukwambia pesa nimeshatuma, na wewe simu yako haijaleta ujumbe wowote. Huenda ametuma kweli. Zimekwama wapi?

Tela lenyewe litakujibu. Lina betri ndogo na pini yenye kikebo chembamba kinachofungwa kwenye gari, ili tela likichomoka njiani libane breki lenyewe. Egesha mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, kisha chomoa plagi ya pini saba kwenye gari. Usiruke hatua hiyo: ukivuta pini ya dharura plagi ikiwa imechomekwa, umeme wa betri ya tela unaweza kurudi ukaiunguza kontrola, na hapo utainunua kweli. Sasa vuta pini, piga jeki, zungusha gurudumu moja moja kwa mkono. Yakiwa yamekaza yote, breki ni nzima na tatizo liko kwenye gari au kwenye plagi. Yakizunguka, na betri ile umeipima ina volti 12, basi ugonjwa uko kwenye tela. Rudisha pini mapema, betri yenyewe ni ndogo.

Kwa habari yako ya shimo, mimi ningeanza kwa kulala chini ya tela. Matela mengi waya wa kwenda gurudumu la upande wa pili umepitishwa ndani ya bomba la ekseli. Humo unacheza safari nzima, unasuguana na chuma mpaka plastiki inaisha. Likija shimo unagusa bomba, kontrola inaona shoti. Tela likitulia unaachia. Usihangaike kuuvuta na kuufunga utepe. Uache humo humo, ukate ncha zote mbili, upitishe waya mpya nje ya ekseli na uufunge vizuri usining'inie.

Halafu erthi, ule waya mweupe unaorudisha umeme. Hapa naomba nikiri. Mimi nilikulia kwenye breki za upepo za malori, na nilipoanza kushika hizi za umeme nilimbadilishia mteja kontrola nzima, tela likabaki vilevile. Kumbe mweupe ulikuwa umekula kutu kwenye boliti ya fremu. Mita yangu ilikuwa ikisoma volti 12 safi, kwa sababu mita haivuti mzigo: uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuidanganya. Kontrola nililipa mwenyewe. Tangu siku hiyo napima kwa balbu ya zamani ya taa kubwa, ya wati 55. Inavuta zaidi kidogo ya ampea 4, karibu na sumaku moja ya breki, ile iliyo ndani ya dramu inayofanya breki ibane ikipata umeme. Iunge kati ya waya wa buluu, unaoleta umeme wa breki, na mweupe kule gurudumuni, mwenzio asukume kijiti mpaka mwisho. Ikiwaka hafifu, waya umechoka au erthi ni mbovu.

Kama unaweza kuazima mita ya kubana waya, iwe ile inayosoma umeme wa betri, ibane kwenye waya wa buluu kijiti kikiwa mwisho. Kila sumaku ya breki za inchi 10 au 12 huvuta karibu ampea 3, kwa hiyo magurudumu manne ni karibu 12. Ukiona 9, gurudumu moja halipati kitu. Ukiona 6, huenda ekseli nzima imekatika. Usipitishe umeme huo ndani ya mita ya kawaida ya mkononi. Nyingi mwisho wake ni ampea 10, utaunguza fyuzi yake.

Umeme ukifika wote na tela bado linasukuma, fungua dramu. Tela la mkononi mara nyingi mwenye nalo alijaza grisi kwenye hab, yaani kitovu cha gurudumu, mpaka sili ikaachia, na breki shuu zimelowa. Kuna watakaokwambia uzioshe kwa petroli. Haziponi hizo, badilisha za pande zote mbili za ekseli pamoja na sili. Sumaku iliyoliwa upande mmoja, au iliyoanza kuonyesha nyuzi za shaba, nayo itoke.

Ukimaliza, seti kontrola upya, maana najua sasa hivi umeiweka mwisho. Ukirekebisha nyaya ukaiacha hapo, breki ya kwanza itaburuza matairi. Ianzishe chini. Pakia gari kwenye tela, tafuta uwanja mtupu, nenda maili 25 kwa saa, usikanyage pedali, sukuma kijiti chote. Ongeza kidogo kidogo mpaka matairi ya tela yakaribie kujifunga, kisha punguza kidogo. Ukirudi tela likiwa tupu, punguza tena. Na mpaka hapo, mwanangu, barabara kuu ya I-45 usiikanyage na tela hilo. Magari ya mnadani yasubiri meli nyingine.