Kabla Hujaisifu Riwaya ya Njozi, Msimulie Bibi

Mtoto wa dada yangu alipokuja Tanga kwa likizo ya Desemba, begi lake lilikuwa na nguo chache na vitabu vitano. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha kwanza. Vitabu vyote vilikuwa riwaya za njozi za Kiingereza, yaani hadithi za dunia za kubuni zenye uchawi, vile vinene vyenye mapanga na macho ya dhahabu kwenye jalada, alivyonunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vilivyotumika wa Dar es Salaam. Mama yangu, yaani bibi yake, akachukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Huyu aliyechorwa hapa ni nani?" Mtoto akajibu kwa furaha, "Ni mchawi, Bibi. Lakini mchawi mzuri."

Kitabu kile hakikuonekana tena mpaka kesho yake asubuhi, nilipokikuta jikoni, kimefunikwa na ungo.

Nimekuwa nikisoma riwaya za aina hii tangu nikiwa na umri wa huyo binti, na sasa nimevuka miaka arobaini. Wazazi wenzangu huniuliza wanunue zipi, na mara nyingi wanachotaka kujua ni kama zitamharibu mtoto. Zamani nilikuwa nawatajia majina ya vitabu tu. Siku hizi nawaambia kwanza kilichotokea nyumbani kwetu Desemba ile, kwa sababu kilinibadilisha hata mimi namna ninavyosoma.

Nilimwomba mama tufanye mapatano. Kila jioni baada ya chakula mjukuu wake atamsimulia, kwa Kiswahili, alichosoma mchana. Siku Bibi atakaposema imetosha, kitabu kinafungwa. Mama akakubali, nadhani kwa kuwa alitaka kujua adui anafananaje.

Kazi ilianza na neno lile lile moja. Kwa Kiingereza mtu anaweza kuwa na uchawi akawa mwema, na msomaji asishtuke. Kwetu mchawi ni mchawi, hakuna mzuri. Yuko mganga, anayeagua na kutibu, lakini naye ana malipo yake na vibuyu vyake. Yuko mwanga, huyo hata usimtaje usiku. Binti alikuwa anasimulia A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, riwaya ya mwaka 1968 ambayo mimi huitanguliza mbele ya nyingine zote, na kila alipofika kwenye neno hilo alikwama. Akijaribu "mchawi", Bibi anakunja uso. Akijaribu "mganga", haikai, maana Ged, kijana wa kitabuni, hatibu wagonjwa kwa vibuyu. Nguvu yake ni kujua majina ya kweli ya vitu: jina la kweli la mwewe, la jiwe, la bahari. Ukilijua jina, kitu kinakusikia. Mwisho binti akasema, "Bibi, ni mjuzi. Anasomea majina." Mama akatulia. "Kama mwalimu wa falaki," akasema. Basi, tukapata njia.

Ndiyo maana nasisitiza kusimulia. Mtoto anayesoma kimya kwa Kiingereza anaweza kupita juu ya maneno mia bila kujiuliza maana yake. Akilazimika kulitafutia neno la nyumbani, anajua mara moja kama ameelewa. Wala usimpe kamusi kila mstari, utamchosha bure. Mwache asome kurasa ishirini kwa kubahatisha, kisha asimulie. Mahali anapokwama, hapo ndipo pa kurudi na kamusi.

Mama yangu hakusoma sana, lakini ni msikilizaji mkali. Maswali yake yalikuwa matatu, na aliyauliza kwa kila kitabu. Mama yake huyo mtoto yuko wapi? Njiani walikula nini? Na nani aliyelipa?

Ged aliyapita yote. Mama yake amekufa, na aliyemfundisha neno la kwanza la nguvu ni dada wa mama yake, yaani mama yake mkubwa au mdogo, mjuzi wa kijijini tu. Kijana anachunga mbuzi mlimani. Anamsikia huyo mama akiita mbuzi kwa maneno fulani, naye siku moja anayapaza bila kuyaelewa, na mbuzi wote wanamjia, wanamsonga, hawaondoki. Anashuka nao mpaka kijijini akilia kwa hofu. Mama yangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema, "Kajua kuita, hajui kufukuza." Kitabu kizima kimejengwa juu ya jambo hilo. Ged anakwenda shule ya wajuzi kisiwani Roke, kiburi kinampanda, anamwita marehemu ili amwonyeshe mwenzake kwamba anaweza, na pamoja na marehemu kinatoka kitu kingine. Mzee mkuu wa shule anatumia nguvu zake zote kuuziba ule mlango, na anakufa. Ged anabaki na makovu usoni na kivuli kinachomfuata baharini kisiwa kwa kisiwa.

"Mzee wa watu ndiye aliyelipa," mama akasema, akanyamaza. Kesho yake, kabla hata sahani hazijaondolewa, yeye ndiye aliyeanza: "Haya, hadithi njoo."

Kuna raha nyingine sikuitarajia. Dunia ya kitabu hicho ni visiwa na majahazi, na babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha Pangani. Binti aliposema "upande wa mbele wa boti", bibi yake akamsahihisha: omo. Nyuma ni tezi. Ile kamba ni demani, na upepo ule, kwa jinsi ulivyosimuliwa, ni wa kusi. Wiki moja ya riwaya ya Mmarekani ikampa mtoto wa Dar es Salaam maneno ya bahari ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau. Tena jueni kwamba Ged si mzungu. Le Guin alimwandika mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva, na alilalamika hadharani pale majalada na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 vilipompa sura nyeupe. Ukinunua nakala ya zamani, usimwamini mchoraji. Amini maandishi.

Kitabu cha pili kati ya vile vitano sitakitaja, kwa sababu kiko kama vingine mia. Msichana wa kawaida anagundua kwamba utabiri wa kale ulimtaja yeye. Ana nguvu kuliko wote, hakuzisomea. Anapendwa na vijana wawili. Mama alivumilia jioni mbili. Jioni ya tatu wahusika walikuwa wamekatiza jangwa siku tisa, akauliza, "Wamekula nini?" Binti akafungua kitabu, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Hawakula chochote. Hawakunywa hata maji. Sikuona haja ya kusema neno, binti mwenyewe alikiweka chini ya kitanda na hakukigusa tena.

Sisemi kila riwaya iwe na mapishi. Nasema mwandishi anayesahau njaa ya watu wake kwa kawaida amesahau na mengine: kwamba wanaogopa, kwamba panga ni zito, kwamba aliyeuawa ana ndugu. Na mtindo wa "wewe ndiye uliyeteuliwa" mimi unaniudhi kwa dhati. Unamwambia mtoto asubiri kugunduliwa. Wanafunzi wetu wanahitaji vitabu ambavyo mtu anajifunza kitu, anakosea, anajifunza tena.

Hapo ndipo Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, ya mwaka 2018, inanigawa. Ina utabiri wake na haraka zake, na penzi la Zélie, msichana shujaa wake, na mwana wa mfalme linachipuka upesi mno. ("Askari wa huyo kijana si ndio waliochoma kijiji chao?" mama aliuliza, na sikuwa na utetezi.) Lakini ina uchungu wa kweli. Watu wenye nguvu ndani yake wanaitwa maji. Mfalme amewaua, mama yake Zélie akiwemo, na watoto wao wamebaki wakinyanyaswa na kutozwa kodi. Mswahili hawezi kulisoma neno hilo kama Mmarekani. Binti alipolitamka, mama alidhani anazungumzia maji ya kunywa, kisha akadhani ni Maji Maji. Tukazungumza mpaka usiku kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji wakiamini risasi za Wajerumani zitageuka maji, akanyongwa mwaka 1905 vita vilipoanza tu, na kuhusu njaa iliyofuata kusini. Binti alikuwa amefundishwa habari hizo shuleni kwa ajili ya mtihani. Usiku ule aliuliza, kwa mara ya kwanza, kama watu waliokunywa yale maji walikuwa na watoto wa umri wake. Riwaya iliyomfikisha mtoto kwenye swali hilo naisamehe mapenzi yake ya haraka. Nunua hicho cha kwanza tu, usinunue vyote vitatu kwa mkupuo. Mtoto akikitaka cha pili, atakuomba.

Sasa nije kwenye kile nilichokaa nacho muda mrefu zaidi, na ambacho naomba mzazi akisome mwenyewe kabla ya kumpa mtoto. Ni Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2011. Huko Nigeria shirika la Cassava Republic lilikitoa kwa jina la What Sunny Saw in the Flames, na neno la mchawi halimo. Sunny ana miaka kumi na miwili, alizaliwa New York, sasa anaishi Aba. Anapenda mpira, lakini hawezi kuucheza juani, kwa sababu ana ualbino. Anagundua kwamba yumo katika jamii ya siri ya watu wenye vipawa, na kwamba kwa watu hao kile ambacho wengine hukiita kasoro ndicho mlango wa kipawa. Rafiki yake Orlu, anayesumbuliwa na kusoma, ndiye hodari wa kutegua mambo yaliyofungwa.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilikifunga katikati. Hapa Tanzania watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa, watoto kwa watu wazima, kwa imani kwamba miili yao ina nguvu. Nikajiuliza itakuwaje kumpa mtoto wa huku hadithi inayosema Sunny ana nguvu zisizo za kawaida. Nilirudi kwenye kitabu baada ya miezi, nikaona nilichokuwa nimekikosa. Mhalifu anayewindwa humo, Black Hat Otokoto, ni mtekaji wa watoto, na wanaosimama mbele yake ni Sunny na wenzake watatu. Nguvu za Sunny zimo katika anachojifunza na anachothubutu. Hakuna anayeweza kumkata akazichukua. Tena katika jamii yao pesa haichimbwi wala haiibwi: mtu akijifunza jambo jipya, fito za madini zinadondoka miguuni pake. Kadiri elimu ilivyo ngumu, ndivyo zinavyodondoka nyingi. Sijawahi kuona wazo zuri kuliko hilo katika riwaya ya vijana.

Bado, usimwachie mtoto akabaki nacho peke yake. Mimi nilimwambia binti waziwazi, kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: mwilini mwa mtu mwenye ualbino hamna dawa, hamna bahati, kuna ngozi inayoungua na jua na macho yanayohitaji miwani, na mtu kama wewe. Akaniambia darasani kwao yuko msichana mwenye ualbino, akauliza, "Mama mdogo, nimwazime?" Nilimshauri asimkabidhi tu kama zawadi ya mshangao. Amweleze kitabu kinahusu nini, pamoja na sehemu za kutisha, kisha mwenzake aamue. Alifanya hivyo Januari. Yule msichana alikisoma siku tatu, na maoni yake ya kwanza yalihusu mechi ya mpira.

Wanaosema vitabu hivi vinafundisha uchawi nawaheshimu, maana hofu yao haikutoka hewani. Ninachowaomba ni wakae wasikilize kwanza, kama alivyokaa mama. Mtoto akisimulia mbele yako utasikia kitabu kinatukuza nini. Kuna ambavyo hata mimi nimevitoa nyumbani kwangu, vile ambavyo mtu anaumiza wengine na hakuna anayelipa.

Jioni ya mwisho kabla binti hajarudi Dar es Salaam vitabu vyake vilikuwa vimekwisha, nikampa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, mtu wa Tanga hapa hapa. Ni kijitabu chembamba, alikimaliza mchana ule. Akaanza kumsimulia bibi yake habari za Adili, liwali wa Janibu, ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili mijeledi, kisha huwakumbatia na kuwafuta machozi, kwa amri ya jini.

"Si manyani," mama akamkatiza. "Ni mbwa."

"Manyani, Bibi. Nimesoma leo."

"Mimi nilisimuliwa na bibi yangu kabla mama yako hajazaliwa. Elfu Lela Ulela hiyo. Mbwa wawili, weusi, na walikuwa ndugu zake wa tumbo moja. Kaa vizuri." Akavuta mkeka, akanyoosha miguu. "Paukwa."

"Pakawa," binti akajibu, akakifunga kitabu.