Vidonge vya moyo haviachwi ghafla

Msimu wa korosho wa mwaka juzi nilipanda Newala kumsaidia dada yangu kuokota, vidonge vyangu vya atenolol nikavisahau Mtwara mjini, juu ya kabati. Nikajipa moyo: ni siku chache tu, na presha imetulia. Siku ya nne, nimeinama chini ya mkorosho na ndoo yangu, moyo ukaanza kwenda mbio, kifua kikabana, jasho likanitiririka. Dada akaita bodaboda. Kufika zahanati, presha iko juu kuliko siku ile niliyoambiwa ninayo.

Daktari wa zamu ndiye aliyenieleza. Dawa za jamii hii, yaani atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol, huukinga moyo na msukumo wa adrenalini, homoni ya mwili inayoufanya moyo kwenda mbio. Moyo ukishazoea kinga hiyo, ukaiondoa ghafla, adrenalini inaukuta wazi. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, hapo anaweza kupata shambulio la moyo. Ndiyo maana daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki moja, mbili au zaidi.

Najua kwa nini watu wanaziacha. Mwezi wa kwanza nilichoka mno, na vidole vilikuwa baridi hata kwenye joto la Mtwara. Propranolol huweza kuleta ndoto za kutisha. Wapo wanaume wanaopungukiwa nguvu, wakaona haya kusema, wakatupa vidonge kimyakimya. Ndugu zangu, semeni kliniki! Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa.

Usimgawie jirani kidonge chako, hata kama naye ana presha. Akiwa na pumu kinaweza kumbana pumzi. Akiwa anatumia dawa za kisukari, sukari ikishuka hatasikia moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Pengine ataona jasho tu.

Mimi kila asubuhi, kabla sijainuka kitandani, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, nahesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 50, au nikiona kizunguzungu, sisubiri tarehe ya kliniki.

Vikibaki vidonge 10, nakwenda kuchukua vingine. Na nikisahau kimoja, simezi viwili kufidia.